Uchambuzi wa kisa: nakala 186 za gemu iliyoongoza Uingereza

Masharti ya kisa

Kisa hiki ni cha duka moja dogo la gemu za video katika mji mmoja wa Uingereza ya kati. Mwenyewe ni mtu wa pwani ya Kenya aliyehamia huko miaka ya 1980. Mimi nilikuwa nikimwandikia hesabu, Jumapili mbili kila mwezi, kwenye meza ya nyuma ya duka, baina ya birika la chai na konsoli, mashine za kuchezea gemu, zilizofunguliwa matumbo. Jina lake, jina la mtaa na majina ya wauzaji wake wa jumla nimeyaacha nje. Tarakimu za duka nimezizungusha na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyabadilisha, ila uwiano wa fedha ni ule ule. Amekubali niandike kwa sharti moja: nisimfanye aonekane mjanja kuliko alivyokuwa.

Nimewaandikia wenye maduka madogo, popote walipo, wanaonunua mali kwa kufuata kinachovuma. Yeye nilimwita Ami, kama tunavyowaita rika la baba zetu, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Usuli

Duka lilifunguliwa mwaka 2003, katikati ya kinyozi na muuza chipsi. Liliishi kwa riziki tatu: gemu mpya, gemu za mtumba, na ufundi wa konsoli zilizoharibika. Ufundi ulikuwa kazi ya mpwa wake, kijana aliyeacha chuo na kuja kumsaidia mjomba "kwa miezi miwili", ambayo hadi leo haijaisha.

Krismasi ya 2008 iliutikisa mtaa. Woolworths, duka ambalo Waingereza walilijua tangu utotoni, lilifilisika. Kufikia tarehe 6 Januari 2009 maduka yake yote, zaidi ya 800, yalikuwa yamefungwa. Zavvi, waliokuwa wakiuza muziki, filamu na gemu, nao walikabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi mkesha wa Krismasi. Tawi la Woolworths la mji huo lilikuwa hatua 200 kutoka kwa Ami. Alilipita kila asubuhi likiwa na vioo vitupu, na fikra ikamwingia ambayo mfanyabiashara yeyote angeipata: wale wateja hawakufa, watanunua mahali.

Orodha ya ukutani

Kando ya mashine ya fedha palibandikwa karatasi, orodha ya wiki ya gemu zinazoongoza kwa mauzo Uingereza. Kila wiki alibandua ya zamani akabandika mpya, na hizo za zamani hakuzitupa, alizitia kwenye boksi la viatu. Siku zile orodha ilitungwa na kampuni ya Chart-Track, iliyokusanya mauzo kutoka kwenye mashine za fedha za makampuni makubwa yenye maduka kila mji, pamoja na baadhi ya maduka madogo.

Ni muhimu kujua inahesabu nini. Inahesabu nakala mpya zilizopita kaunta. Nakala iliyouzwa pauni 50 na iliyouzwa pauni 10 zote zinahesabiwa moja moja. Haijui aliyeuza alipata faida au aliuza kwa hasara makusudi. Mtumba haumo kabisa.

Ubishi juu ya orodha hizo ni mkongwe. Ami aliikuta Uingereza ikicheza gemu za kaseti. Kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum ilitoka mwaka 1982, pauni 125 ile ndogo na 175 ile kubwa, ina vibonye vya mpira, na gemu ilipakiwa kutoka kwenye rekoda kwa dakika kadhaa za mlio wa kukwaruza meno. Kampuni ya Mastertronic ikaja na kaseti za pauni 1.99 wakati wengine walikuwa wakiuza kwa pauni saba, nane, tisa. Zote zikagombea nafasi kwenye orodha ya Gallup, kampuni iliyoitunga enzi hizo, mpaka za bei rahisi zikatengewa orodha yao. Na mtaani alikoishi Ami, mtoto mmoja akinunua kaseti, wanne wananakili kwa rekoda ya deki mbili. Orodha iliandika mmoja, waliocheza walikuwa watano. Alinisimulia hayo akicheka, mwaka huo huo wa 2009, na hakuna aliyeshtuka kati yetu kwamba jibu la shida yake lilikuwa ndani ya hadithi hiyo.

Julai hadi Oktoba 2009: oda kubwa

Gemu iliyokuwa ikisubiriwa ni ya vita, Call of Duty: Modern Warfare 2, tarehe 10 Novemba, siku ya Jumanne. Modern Warfare ya kwanza, ya 2007, ilikuwa bado inatoka dukani kila wiki. Wavulana waliingia wakitoka shule, hawanunui kitu, wanauliza tu: mna oda ya mapema?

Ami akaagiza nakala 240. Kwa duka lake hiyo ilikuwa oda mara nne ya kubwa kuliko zote alizowahi kuweka. Bei ya jumla ilikuwa pauni 34 kabla ya VAT. Bei iliyopendekezwa na kampuni kwa rejareja ilikuwa pauni 54.99, ya juu kuliko kawaida ya gemu wakati huo, naye akakusudia kuuza 44.99 ili awashinde maduka ya gemu ya katikati ya mji.

Hesabu yake aliifanya nyuma ya bahasha. Alitoa 34 kwenye 44.99, akazidisha kwa 240, akapata pauni 2,637, akapigia mstari mara mbili. Nikamwambia, "Ami, toa VAT kwanza." Kodi ilikuwa imeshushwa kwa muda hadi asilimia 15. Kwenye pauni 44.99 yake halisi ni 39.12. Faida ya nakala ikawa pauni 5.12, na ya oda nzima kama 1,229, tena iwapo zote zitatoka kwa bei hiyo. Akaitazama bahasha, akasema hata hiyo si haba.

Fedha aliipata wapi? Ovadrafti ya benki hakuitaka, kwa sababu ya riba. Mkewe alikuwa kwenye upatu na wanawake wenzake wa msikitini, akaomba zamu yake isogezwe hadi Oktoba, pauni 3,000. Akiba ya duka ilitoa 2,500. Iliyobaki ilikuwa mali kauli, siku 30, kwa muuzaji wa jumla.

Wateja 96 waliweka arbuni ya pauni 5. Majina yao mpwa aliyaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu, na daftari hilo ndilo lililookoa mengi baadaye.

Naomba niseme hapa, kabla matokeo hayajaonekana: mimi sikumzuia. Nilisahihisha VAT nikadhani nimemaliza kazi.

Siku tatu za Novemba

Siku za mwisho kabla ya gemu kutoka, supamaketi kubwa za nchi zilianza kupigana bei. Moja ilishuka hadi pauni 32. Nyingine ikatangaza 26. Habari ilifika dukani kupitia mvulana mmoja wa arbuni, aliyeingia na kipeperushi mkononi, amekikunja mara nne, haya zimemjaa. Ami alikisoma, akavua miwani, akaisafisha kwa shati, akakisoma tena.

"Wanauza chini ya bei ninayonunulia mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Pauni 26 ukitoa VAT ni 22.61. Yeye alikuwa ameagiza kwa 34. Supamaketi haikuihitaji faida ya gemu. Ilikuwa chambo tu; mteja akija kwa gemu huondoka na toroli la vyakula vya wiki nzima. Duka la gemu halina mkate wala maziwa ya kufidia.

Ami alirudisha arbuni ya yule mvulana bila neno. Kisha akafunga duka nusu saa mapema, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, tukakaa watatu nyuma.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupunguza oda. Shehena ilikuwa inakuja kwa mafungu mawili na la pili lilikuwa bado ghalani kwa muuzaji wa jumla. Ami alipiga simu asubuhi saa mbili juu ya alama, kabla simu za wengine hazijafurika, akaomba nakala 100 zifutwe. Walikubali. Sababu ya kukubali naijua: walikuwa na maduka mengine yaliyokuwa bado yakizitaka. Siku moja baadaye nadhani wangekataa. Oda ikabaki nakala 140.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwapigia watu wote 96 wa daftari la bluu badala ya kuwangoja waje kulalamika. Mpwa alipendekeza maneno: bei tumeshusha hadi 34.99, au leta gemu yako moja ya zamani inayofanya kazi, ulipe 28. Wateja 31 walichukua arbuni zao. 24 wakasema watalipa 34.99; wengi wao ni watu wa zamu za usiku ambao hawakuwa na muda wa kwenda kupanga foleni pembezoni mwa mji. Waliobaki, 41, walisema wataleta gemu.

Uamuzi wa tatu ndio ambao mpaka leo mimi na Ami hatujaafikiana. "Mjomba," mpwa akasema, "kama wao wanauza rahisi kuliko wa jumla, si tukanunue kwao?" Jumanne alfajiri yeye na rafiki zake watatu walikwenda supamaketi. Kikomo kilikuwa nakala mbili kwa mteja, kwa hiyo walizunguka matawi manne, wakarudi kwenye foleni, wakavuliana makoti. Hawakuwa peke yao. Wenye maduka madogo wengine walifanya hivyo hivyo wiki ile. Walileta nakala 46, na risiti zilizokunjamana ambazo nilizinyoosha moja moja kwa kiganja, kwa sababu kwa manunuzi yasiyozidi pauni 250 risiti ya kawaida yenye namba ya VAT ya muuzaji inatosha kudai kodi.

Usiku wa kuamkia Jumanne, Ami hakufungua duka saa sita kama maduka makubwa. Aliona gharama ya umeme na mlinzi haina maana. Gemu ilikuwa imepewa alama ya miaka 18, na siku moja kabla mbunge Keith Vaz alikuwa ameilalamikia bungeni kwa sababu ya sehemu yake moja ambayo mchezaji yumo katika shambulio la kigaidi kwenye uwanja wa ndege. Kulikuwa na kichekesho ambacho wachache walikijua: Agosti mwaka huo serikali ilikuwa imegundua kwamba Sheria ya Rekodi za Video ya 1984 haikuwahi kuarifiwa Tume ya Ulaya ipasavyo, kwa hiyo haikuweza kutumika mahakamani mpaka ilipopitishwa upya Januari 2010. Ami aliendelea kuuliza vitambulisho kama kawaida. Watoto wakarudi na mama zao.

Wiki sita baadaye

Siku hiyo ya kwanza Uingereza nzima iliuza nakala milioni 1.23, thamani ya pauni milioni 47. Ilikuwa rekodi. Kwenye karatasi ya ukutani gemu ilikaa namba moja, na mwaka ulipofungwa ndiyo iliyokuwa juu ya orodha ya 2009, ingawa ilikuwa sokoni kwa wiki saba tu.

Dukani kwa Ami siku ile ilikuwa baridi. Waliokuja ni wa daftari la bluu na wachache wa njiani. Kufikia jioni zilibaki nakala 121 kwenye rafu ya nyuma, na Ami aliomba nisizihesabu tena mbele yake.

Hapo alifanya jambo ambalo mimi nisingelifanya: hakushusha bei. Mimi nilitaka ashushe hadi 30 arudishe fedha ya upatu. Alisema supamaketi haiwezi kuuza kwa hasara kwa mwezi mzima, inataka kelele ya wiki moja. Kweli, mali yao ya bei ile ilikwisha upesi na bei zikapanda. Desemba ilipoingia, mzazi aliyemwahidi mtoto gemu hiyo hakuikuta tena kwa 26. Ami aliuza nakala 104 kwa 37.99 kabla ya Krismasi. Zilizosalia, 17, zilitoka Januari kwa kama pauni 30.

Kulikuwa na kitu kingine kidogo. Gemu ilitoka pia katika sanduku la fahari lenye miwani halisi ya kuona gizani, la zaidi ya pauni 100. Supamaketi hazikuwa na hamu na sanduku kubwa vile. Ami alikuwa na sita. Yalitoka yote kwa siku mbili bila kupunguziwa hata senti, na kila moja lilimwachia kama pauni 19.

Matokeo kwa tarakimu

Nakala 140 za jumla zilimgharimu pauni 4,760 na zile 46 za supamaketi 1,040, kabla ya VAT. Jumla 5,800. Baada ya kuuza zote 186 na kutoa kodi, mapato yalikuwa pauni 5,847. Gemu iliyouzwa kuliko zote nchini ilimwachia pauni 47, senti 25 kwa kila nakala, kabla ya kodi ya pango, umeme na mshahara wa mpwa.

Zile gemu 41 za zamani zilizoletwa kubadilishana zilihesabiwa pauni 7 kila moja. Ami aliziuza kwa wastani wa 16. Kwa mtumba sheria ya VAT inaruhusu kutoza kodi kwenye tofauti tu ya bei ya kununua na kuuza, kwa hiyo zilimwachia pauni 321. Ukitia na masanduku sita, Novemba na Desemba zilifungwa bila aibu. Upatu ulilipwa wote.

Nilipomwonyesha safu hizo mbili, 47 na 321, hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kama nina hakika sikuziandika kinyume.

Nakala yenye pembe iliyotafunwa

Lililonifundisha zaidi halikuwemo kwenye hesabu ya Desemba. Lilianza Februari 2010, vijana walipoimaliza gemu na kuanza kuirudisha. Nakala moja niliitambua kwa jalada lake: pembe ya chini ilikuwa imetafunwa na mbwa, alama za meno zinaonekana kwenye plastiki. Ami aliinunua 18 akaiuza 27.99. Mei ikarudi, akanunua 13 akauza 21.99. Oktoba ikarudi tena. 8, ikatoka 14.99. Ukitoa VAT ya tofauti, nakala hiyo moja ilimwachia pauni 22 na ushei katika miezi tisa, karibu nusu ya faida ya zile mpya 186 zote kwa pamoja.

Wateja wanne waliimiliki. Orodha ya ukutani iliihesabu mara moja tu, tena kwenye kaunta ya mtu mwingine, maana haikuwa imetoka kwetu ikiwa mpya. Kwenye daftari langu imeandikwa mara tatu, na kila mara nilicheka.

2010 hadi 2013, kwa kifupi

Novemba 2010 ikaja Call of Duty: Black Ops, nakala milioni 1.4 siku ya kwanza, rekodi nyingine. Ami aliagiza 60 tu. Fedha iliyobaki aliitumia kununulia mtumba, na rafu ya mtumba akaihamisha kutoka nyuma hadi mlangoni. Mwaka ule ulikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuwa nayo.

FIFA ilimtia adabu upande wa pili. Gemu hiyo, hadi 2022 ilipotoka ya mwisho kwa jina hilo, ilitoka kila vuli na kila mwaka ilikaa juu au karibu na juu ya orodha ya Uingereza. Ami akadhani inayouzwa sana ikiwa mpya itauzwa sana ikiwa mtumba. Alinunua FIFA za mwaka uliotangulia kwa pauni 6 na 7, mamia. Lakini FIFA ya mwaka jana ilikuwa kama gazeti la jana: wachezaji wamehama timu, jezi zimebadilika, rafiki zako wote wako kwenye mpya. Septemba ikifika bei ilianguka kwa siku moja. Ukuta mzima wa FIFA ulibaki kwa senti 99, na mpwa alizitumia kuzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo.

Machi 2012 kampuni ya GAME, iliyokuwa na maduka zaidi ya 600 nchini, iliingia mikononi mwa wasimamizi na 277 yakafungwa mara moja. Ami alikumbuka Woolworths, safari hii akakaa kimya.

Kisha Grand Theft Auto V, Jumanne tarehe 17 Septemba 2013, kazi ya studio ya Edinburgh. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: Ami aliagiza 40. Saa sita mchana zilikuwa zimekwisha. Nchi nzima iliuza milioni 1.57 siku hiyo na milioni 2.25 kwa siku tano. Mpwa aliwarudisha watu mlangoni jioni nzima na akaweka mistari kwenye karatasi, ilifika 53. Safari hii bei haikuvunjwa kama 2009, na kila mstari ulikuwa faida iliyokwenda kwa jirani, pamoja na gemu ya mtumba ambayo mteja yule angeirudisha Desemba.

Uchambuzi: lililofanya kazi na lililoshindwa

Simu ya asubuhi kwa muuzaji wa jumla ilifaa kuliko ujanja wote uliofuata. Nakala 100 zilizofutwa zilikuwa pauni 3,400 ambazo zingelala rafuni hadi Februari. Ilifaa kwa sababu ilipigwa mapema, na kwa sababu kwa miaka sita Ami alikuwa amelipa ankara zake kwa wakati. Mtu wa jumla hakumfanyia hisani mgeni.

Daftari la bluu nalo. Wenye maduka wengi huchukua arbuni bila namba ya simu. Bila namba zile, hao 96 wangeijua bei ya supamaketi kwanza, na 31 waliotutoka wangekuwa 80.

Kubadilishana kulifaa kwa sababu ambayo hatukuiona siku tulipokubaliana. Tulidhani tunampunguzia mteja bei. Kumbe tulikuwa tunanunua mali ambayo supamaketi haiwezi kushindana nayo, tena bila kutoa fedha taslimu, wakati ambao hatukuwa nazo.

Kuhusu foleni ya alfajiri, Ami husema ilituokoa, na kwa tarakimu yuko sahihi: kila nakala ilikuwa rahisi kwa pauni 11.39 kuliko ya jumla, kwa hiyo 46 zilituepusha na pauni 524. Bila hizo ile faida ya 47 ingekuwa hasara ya 477. Mimi husema vijana wanne walipoteza siku nzima bila malipo, na hilo halikuandikwa mahali popote kwa sababu mmoja ni mpwa na wengine ni rafiki zake. Ukiwalipa wote ujira wa halali wa saa kumi kumi, karibu nusu ya akiba ile inayeyuka. Halafu duka haliwezi kupanga mwaka wake juu ya mkumbo wa bei za mtu mwingine.

Kosa la msingi lilikuwa kuichukulia orodha kama ushauri wa manunuzi. Namba moja maana yake ni kwamba kila mtu anaiuza, pamoja na wale wasiohitaji faida yake. Kadiri gemu ilivyopanda kwenye karatasi ya Ami ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa mwenye toroli na maziwa kuitumia kama chambo. Swali la Julai lingekuwa: nani mwingine mjini ataiuza, na yeye anaishi kwa nini? Hatukuliuliza. Nasema hatukuliuliza kwa sababu mimi nilikuwepo na kalamu mkononi.

Kosa la 2013 lina asili hiyo hiyo. Ami aliligeuza somo la 2009 kuwa kanuni: gemu kubwa usiguse. Mwaka 2009 lililomuumiza ni bei kuvunjwa baada ya oda kufungwa. Dawa yake ingekuwa kuagiza kwa mafungu na haki ya kufuta fungu la pili, jambo ambalo muuzaji wake alikuwa ameshalikubali mara moja.

Leo

Mwaka 2018 soko la gemu Uingereza lilifika pauni bilioni 3.86, na asilimia 80 ya hizo zilikuwa mauzo ya kidijitali. Gemu iliyopakuliwa haina jalada la kutafunwa na mbwa. Hairudi kaunta mara ya pili. Orodha za maboksi ziliendelea kuchapishwa kila wiki, lakini mkondo wa mtumba uliokuwa ukizifuata miezi mitatu nyuma ulikauka.

Duka lipo bado, la mpwa sasa. Linauza gemu za kale: kaseti za Spectrum, katriji za Mega Drive, PlayStation za kijivu. Boksi la viatu la Ami liko chini ya kaunta na mpwa hulitumia kila siku, ila hulisoma kutoka chini kwenda juu. Gemu zilizouzwa mno ziko kila dari la nyumba Uingereza, kwa hiyo leo ni bure. Ya thamani ni ile iliyotoka kimya, ikauza kidogo, ikafutwa.

Mara ya mwisho nilipopita, mwanamke mmoja alileta mfuko wa marehemu kaka yake. Mpwa alitoa juu Wii Fit, Brain Training, FIFA nne, na nakala mbili za Modern Warfare 2, akazipanga kando kwa upole bila kuzitazama. Kisha akainama, akaingiza mkono hadi chini kabisa, akanyamaza.

"Hii," akamuuliza, "unajua aliipata wapi?"